Matairi Yangu ya Sherehe

Jamani, nichekeni tu, nimestahili. Gari langu kuukuu nililipeleka kwa fundi wa mtaa wa Saint-Josse, huku ughaibuni, libadilishwe rimu na matairi, maana Jumapili nilikuwa nampeleka baba mkwe kanisani, mtaa wa Wakongo wa Matonge. Mzee ni wa Lubumbashi, na hajawahi kuamini kwamba Mtanzania anaweza kumtunza binti yake.

Fundi akaniuliza kwa Kifaransa: "Neufs, ou d'occasion?"

Kifaransa changu ni cha kununulia mkate. Lakini hiyo "occasion" niliijua kwa Kiingereza: shughuli, siku kubwa! Nikajibu kwa madaha, "D'occasion!" Matairi mengine aliyonionyesha nikayapungia mkono kama mtu anayefukuza inzi.

Jumapili, waumini wamejaa mlangoni, nikalipiga teke gurudumu linalong'aa. "Papa, tazama! Gari la kumbebea mkwe wangu nimelivika d'occasion tupu!"

Mzee akainama, akapitisha kidole kwenye tairi lililoanza kuota kipara. Akamgeukia mke wangu.

"Bon. Maman, kule Tanzania d'occasion banaita namna gani?"

Mke wangu akatazama chini.

"Mitumba, papa."