Fisi Ndani ya Doki ya Harusi

Kama umewahi kuketi kwenye kamati yoyote pale Uthiru, iwe ya harusi, ya mazishi au ya kutengeneza lango la kanisa, basi umeshaandikwa na Debra. Yeye ndiye katibu. Hakuna aliyemchagua na hakuna atakayethubutu kumwondoa. Kuna siku mimi na mume wangu tuligombana kuhusu mbwa, Debra akaja kutupatanisha, na kabla sijamaliza kufuta machozi alikuwa anatusomea kumbukumbu za ugomvi: waliohudhuria, waliotoa udhuru, na yatokanayo. Mbwa aliwekwa miongoni mwa waliohudhuria.

Mimi ni Awiti, jirani yake ukuta kwa ukuta. Tena tunafanya kazi jengo moja huko mjini. Yeye yuko ghorofa ya tatu, katibu kwenye ofisi ya bima ya kijana mmoja anayeitwa Tejas, na mimi niko chini kabisa, duka la miwani. Nampenda sana Debra. Nayasema haya mapema kwa sababu nikianza kusimulia utadhani simpendi.

Binti yake wa pekee, Shiru, alipochumbiwa na Hezekiah, fundi wa umeme, Debra aliunda kamati hata kabla chai ya wageni haijapoa. Akatoa kile kitabu chake cha jalada gumu. Shiru akamzuia.

"Mum, hiyo kitabu yako hapana. Hii harusi tunatumia doki."

Doki, kwa wasiojua, ni hati inayokaa mtandaoni. Kila mwanakamati anaifungua kwa simu yake na kuandika, na wengine wote wanamwona akiandika papo hapo. Debra alinuna. Baadaye akajaribu mara moja, akaona anaweza kupaka kazi zilizokwisha rangi ya kijani na zilizochelewa rangi nyekundu, na kununa kukaisha. Alipogundua kwamba ukiandika jina la mtu kwenye kazi yake simu ya mtu huyo inalia, basi sisi wengine raha ilituisha. Ningekuwa nampimia mteja macho, simu inalia: "Awiti, chapati. Umefikia wapi?" Harusi ilikuwa mwezi ujao! Chapati za mwezi ujao ningekuwa nimefikia wapi?

Lakini lazima niseme ukweli, ile doki ilipendeza. Juu kabisa palikuwa na bibi harusi, chini yake bwana harusi, halafu mchungaji, hema, keki, chapati zangu, na mwisho kabisa mbuzi. Kila mstari ulikuwa na jina la mwenye kazi na maelezo marefu kama wosia. Mstari mmoja tu ndio uliokuwa na walakini. Ulisema: "Bwana harusi: atathibitishwa."

Tulimcheka, lakini si kwa sauti. Kila mtu Uthiru alijua sababu. Kabla ya Hezekiah palikuwa na mwingine, mrefu, mwenye viatu vilivyong'aa, na kadi zilikuwa zimeshagawanywa. Watu walimnong'oneza Debra kwamba kijana huyo ni fisi. Hapa kwetu mwanamume akiitwa fisi, usidhani anapenda mifupa. Anapenda wanawake, wote kwa pamoja, bila kuchagua na bila kushiba. Debra alikataa kusikia. Wiki ya harusi yule bwana akazima simu, akaja kuonekana Rongai akimlisha msichana mwingine samaki. Debra ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, na kitabu chake kwapani, akiwaambia watu wasije. Shiru hakutoka chumbani kwa muda mrefu. Kwa hiyo sasa Debra hakutaka kuandika jina la mwanamume yeyote mpaka amwone kwa macho yake amesimama madhabahuni.

Hezekiah mwenyewe aliuona ule mstari. Akaandika pembeni kwa adabu zake zote: "Niko tayari kuthibitishwa siku yoyote, Mum." Debra akamjibu: "Imepokelewa."

Basi Jumatatu moja Debra akanipigia simu nikiwa bado naoga.

"Awiti, kuna fisi kwa doki."

"Fisi gani?"

"Fungua uone!"

Nikafungua na sabuni masikioni. Kweli, juu ya ukurasa, pamoja na picha za wanakamati, palikuwa na kidoa cha zambarau chenye kichwa cha mnyama, na maandishi ya Kiingereza yakisema huyo ni fisi asiye na jina. Kiingereza au Kikuyu, fisi ni fisi. Kile kijistari chake cha kuandikia, cha zambarau pia, kilikuwa kimetulia kwenye mstari wa mbuzi.

"Hii kompyuta imejua," Debra akasema kwa sauti ya chini. "Imemnusa. Kati yetu kuna fisi, Awiti, na safari hii nimeambiwa mapema."

Ningemwambia nini? Mimi nauza miwani. Nikasema labda ni makosa ya mitambo. Akaniuliza kama hata wakati ule wa kwanza yalikuwa makosa ya mitambo.

Wiki nzima akamchunguza. Aliniambia fisi huyo ni mjanja ajabu. Akifungua doki kwenye kompyuta ya ofisi, fisi hayupo. Akishika simu tu, huyo hapo! Ephantus, shemeji yake mwenye kazi ya hema, aliitwa akahojiwa kuhusu mienendo yake. Mzee wa watu anatembea na mkongojo. Akamwambia, "Mama Shiru, hata ningetaka kuwa fisi, ningemfukuza nani na hili goti?" Akaondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Mchungaji akaulizwa maswali ya mzunguko mzunguko mpaka akadhani anaombwa mahubiri kuhusu wanyama, naye akayatoa Jumapili hiyo, marefu. Akabaki mmoja tu. Debra hakumtaja, lakini kila Hezekiah alipokuja kusalimia alimkaribisha kiti cha mlangoni, mahali anapoweza kumtazama vizuri.

Wiki iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, tulishuka kibandani nyuma ya jengo letu. Tukaagiza chapati na dengu. Debra akaegemeza simu kwenye jagi la maji, doki wazi, kama mtu anayetazama mechi. Nilikuwa nimetia tonge la kwanza mdomoni aliposhika mkono wangu kwa nguvu.

"Anakula!"

Nikainama kutazama. Kijistari cha zambarau kilikuwa kinarudi nyuma, na kila kilipopita herufi zilitoweka. Mbuzi wakaanza kwisha, kwanza maini, halafu mbavu, halafu mbuzi wenyewe na jina la mchinjaji wao.

"Awiti, fisi anakula mbuzi!"

Nikacheka. Nisamehewe, lakini ingekuwa wewe ungefanya nini? Kicheko kikakatika alipoingia kwenye chapati zangu. Jasho langu lote, mpaka aina ya unga niliyokuwa nimependekeza, yote yakaenda. Akala keki. Akala hema la Ephantus pamoja na kamba zake. Hakutafuna, hakupumzika.

"Amefika kwa pasta," nikasema, sasa na mimi nimesimama.

"Asiguse pasta!" Debra akapiga kelele. "Awiti, anakula pasta!"

Yule dada wa kibanda akaja mbio na kitambaa chake. "Mama, pasta leo hatuna. Ni chapo dengu tu."

Mchungaji akaliwa mpaka nambari yake ya simu. Kisha fisi akaingia mstari wa bwana harusi, akaramba "atathibitishwa," na tukaona anapanda kuelekea juu kabisa, kwenye jina la Shiru. Likaanza kuliwa kutoka nyuma: ikaenda u, ikaenda r. Debra akaipokonya simu kutoka kwenye jagi, akapiga.

Hezekiah alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Hezekiah! Wewe ni fisi?"

"Mum?"

"Nijibu! Fisi ni wewe?"

"Mum, niko juu ya ngazi."

"Shuka! Shuka na usipande tena! Mtoto wangu hataliwa mara ya pili, umesikia? Hakuna harusi!" Akajaribu kuongeza neno, kikatoka kilio, akakata simu. Debra ninayemjua mimi hajawahi kulia kwenye mkutano. Alilia pale kibandani, mbele ya dengu na watu wote, na sikuwa na hamu ya kucheka tena.

Tukapanda ofisini kwake, ghorofa zote tatu kwa miguu, maana lifti ni mbovu. Tulimkuta Tejas amesimama mbele ya meza ya Debra, mikono kiunoni.

"Mama Shiru," akasema, "mbona kiondo yako iko juu ya keyboard?"

Kiondo cha Debra, kilichojaa maparachichi aliyokuwa ameleta kumgawia kila mtu, kilikuwa kimelala ubavu juu ya vitufe vya kompyuta. Parachichi moja kubwa lilikuwa limetua sawasawa juu ya kitufe cha kufutia. Kwenye kioo palikuwa na doki, nyeupe, tupu kama sahani iliyorambwa.

Tejas akainua kiondo. Akatusikiliza sote wawili tukizungumza kwa pamoja, na nikamwona anauma mdomo. Kisha akaeleza taratibu, na nampa heko kwa sababu alijizuia. Mtu akifungua doki bila kuingia kwa jina lake, kompyuta inamchagulia mnyama wowote tu. Ingeweza kuwa sungura. Debra aliifungua ofisini kupitia barua ya kazini, bila jina, na kompyuta ile haizimwi kwa sababu ikizimwa kuwaka tena ni kazi. Kwa hiyo mnyama akabaki humo, siku kwa siku. Na mtu hajioni mwenyewe. Ndiyo maana kwa simu alionekana na kwa kompyuta hakuonekana.

Debra akafikiri. "Kwa hivyo fisi ni nani?"

"Ni wewe, Mama Shiru."

"Iandikwe kwenye kumbukumbu," nikasema. Akanitazama kwa jicho moja baya sana.

Hapo ndipo mlango ukafunguka kwa kishindo. Hezekiah. Amevaa ovaroli, vumbi la dari kichwani, koleo bado mkononi. Alikuwa amechukua bodaboda kutoka Loresho na kuacha nyumba ya watu bila taa.

"Mum! Nani amekufa?"

Tejas akaweka kiondo chini, kando ya kiti cha Debra.

"Hezekiah," Debra akasema, "hukusikia nilivyokuita?"

"Sikusikia vizuri, Mum, drili ilikuwa inapiga kelele. Nilisikia tu unalia. Nikashuka."

Debra akaketi. Akatia mkono kwenye kiondo, akatoa lile parachichi kubwa lenye hatia, akampa. Hezekiah akalipokea kwa mikono miwili na kulishika pamoja na koleo lake.

Tejas naye akabonyeza bonyeza, akaturudishia doki kama ilivyokuwa asubuhi. Kumbe hati hizi hutunza kila kilichofutwa. Mbuzi wakarudi, chapati zangu zikarudi, pasta akarudi mzima. Na pale karibu na juu, mbele yetu sote wanne, kwa herufi nzito, ukarudi ule mstari: "Bwana harusi: atathibitishwa."

Hezekiah akainua macho, akaanza kukagua taa ya dari kana kwamba ameitwa kuirekebisha. Nikamwonea huruma mpaka nikaona aibu, nikatoa simu yangu nijifanye nina shughuli. Doki ilikuwa wazi.

Ndipo nikamwona fisi. Kijistari cha zambarau kiliruka kutoka kwenye mbuzi hadi mstari wa pili. Kikasimama. Kikala "atathibitishwa," herufi moja moja, polepole. Kisha kikaandika: "Hezekiah. Amethibitishwa."

Simu ya Debra ikalia kabla hajatoa vidole kwenye vitufe. Sauti ya Shiru tuliisikia sote, alivyokuwa akipiga mayowe.

"Mum! Fungua doki haraka! Fisi ameandika jina ya Hezekiah!"

"Nimeona," Debra akasema, na pua yake bado imeziba. "Ni mimi."