Watu Waliochukiwa na Mimba ya Asila

Nyumba ninayopanga hapa Cheyo ina vyumba vinne, ua mmoja na, kwa mwaka huu, mkubwa wa nyumba ambaye bado hajazaliwa. Mimi nina chumba cha mbele na kibaraza chake, ninapoweka cherehani yangu. Wenye nyumba ni Bi Khole, mjane wa Mzee Yahaya, na mwanawe Thabit anayeuza magodoro karibu na soko. Mke wa Thabit anaitwa Asila, na huyo ndiye aliyembeba mkubwa ninayemsema.

Miezi mitatu ya kwanza simsemi mtu vibaya. Asila aliteseka kweli. Alitapika chai, alitapika maji, alitapika kwa kusikia tu mtu anataja samaki. Kisha mimba ikamchukia mumewe. Kwetu jambo hili halina kesi. Mimba ikishamchukia mtu, imemchukia. Thabit akawa anaoga asubuhi, mchana na jioni, akabadili sabuni, akaacha marashi, lakini akitia mguu chumbani tu mkewe anakimbilia uani. Bi Khole akaamua mwanawe alale sebuleni mpaka mimba imsamehe. Ndivyo muuza magodoro alivyoishia kulala kwenye kochi fupi, miguu inaning'inia.

Mwezi wa nne ukaingia. Asubuhi moja nikamkuta Asila uani, amekaa kwenye kigoda, kanga ameifungia juu ya tumbo, anakula samaki, mgebuka wa kukaanga, na miiba anaifyonza. Nikampongeza kwa kupona. Akatazama kulia na kushoto.

"Fundi," akasema, "usinitangaze."

Sikumtangaza. Nilikaa nikatazama, maana cherehani inashughulisha mikono tu, macho yanabaki na nafasi. Na kuanzia siku ile mimba ikawa inachukia kwa mpangilio. Ilichukia moshi wa mkaa. Ilichukia sabuni ya vyombo, kwa hiyo vyombo vikawa vinaoshwa na Bi Khole, mwenye magoti mabovu. Ilimchukia ami yake Thabit, mzee mwenye desturi ya kupita kusalimia wali unapoiva. Pilau haikuichukia. Asali haikuichukia, wala ukwaju, wala usingizi wa mchana. Mimi nimezaa watatu na mimba zangu zilichukia ovyo, hata vitu ninavyovipenda. Hii ya Asila ilikuwa na akili ya mtu mzima.

Thabit naye hakuitwa arudi chumbani. Si kwamba mkewe hakumtaka. Nilimwona mara kadhaa akimtazama anavyokunja shuka lake pale sebuleni, anameza mate. Lakini ukishakiri kwamba pua imepona kwa mume, kuna mtu atauliza habari za vyombo.

Tumbo likakua, na Asila akaanza matayarisho. Alikuwa ameona kwenye simu vyumba vya watoto wachanga, vina rangi zao na mapazia yao, naye akakitaka chumba cha mwisho uani kiwe cha mtoto. Watoto wote wa Cheyo ninaowajua wamelala ubavuni mwa mama zao, na huyu ambaye hata shingo hataweza kuigeuza alitafutiwa chumba chenye dirisha. Lakini mimi ni fundi, nikiletewa kitambaa nashona. Nikashona mapazia ya rangi ya waridi, tukayatundika.

Wiki hiyohiyo akateremka kwa treni kutoka Dar wifi yake Shamila, dada mkubwa wa Thabit. Alisema amekuja kupumzika wiki mbili. Alikuja na masanduku matatu na friji. Mtu wa wiki mbili habebi friji. Sote tulijua mumewe amempa talaka, na sote tulimuuliza habari za safari. Bi Khole akamfungulia chumba cha mwisho uani, naye Shamila akalala chini ya mapazia yangu ya waridi.

Mdomo nao hakuuacha Dar. Hajazaa, lakini hakuna asilolijua kuhusu mimba. Wifi usile mayai, mtoto atakuwa na kipara. Wifi usikae mlangoni, utapata uchungu mrefu. Siku mtoto alipocheza tumboni mara ya kwanza, Asila amejishika ubavu, macho yamemtoka kwa furaha, Shamila akamwambia hiyo ni gesi, apunguze maharage. Machozi yalimlenga Asila. Siku hiyo nilikuwa upande wake, nami nilimchukia Shamila bila hata kuwa na mimba.

Kesho yake mchana, Shamila akipakua wali, Asila akaziba pua kwa upindo wa kanga, akainuka, akakimbilia uani na kutema mate kwa ustadi mkubwa.

"Vipi tena, mwanangu?" akauliza Bi Khole.

"Naona haya kusema, mama. Naona mimba imemchukia wifi."

Shamila aliweka upawa chini. Hakuna aliyemtazama usoni. Ukimwambia mwanamke aliyeachwa atoke nyumbani kwao, mji mzima utakusema. Lakini hapa hakuna mtu aliyesema neno, imesema mimba. Bi Khole akapekua ukoo wote kichwani, akamfikia mjomba mwenye duka Usinge wa kumpokea binti yake. Thabit akaambiwa atafute gari la Ijumaa. Mimi nimezaliwa Usinge na ninapapenda, ila nilijaribu kumwona Shamila na friji lake katikati ya mashamba ya tumbaku, nikashindwa. Asila mchana ule alikula sahani mbili.

Alhamisi majirani walikuja uani kuchambua karanga, nami nikatoka na pindo la kushona kwa mkono. Shamila akaketi kati yao, akavuta ungo, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mimi kwenda nakwenda, sina neno. Ila mama, mtoto akizaliwa nipelekeeni habari nije nimwone. Si atakuwa na sura yangu?"

Mikono yote ikasimama. Hili pia kwetu halina kesi: anayechukiwa na mimba ndiye mtoto huchukua sura yake. Levina, jirani wa nyumba ya pili, akatoa ushahidi wa shemeji yake, aliyemchukia mwalimu wa kwaya miezi yote tisa akazaa mtoto mwenye masikio yaleyale ya mwalimu. Kwamba pengine masikio yale yalikuwa na sababu nyingine, hakuna aliyegusia.

Bi Khole akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Shamila amefanana na marehemu baba yake, pua hasa.

"Pua ya Yahaya," akasema Bi Khole, akaanza kulia. "Yarabi, pua ya Yahaya inarudi nyumbani."

Safari ya Usinge ikafa palepale. Tena Bi Khole akaagiza kwamba, ili sura ishike vizuri, Asila awe anaketi na wifi yake uso kwa uso kila asubuhi kabla ya chai. Asila akadakia haraka.

"Mama, nadhani imeanza kumpenda."

"Ikimpenda ndiyo kabisa," akasema Levina. "Mtoto huchukua sura ya anayependwa pia."

Nilishona pindo zima upande wa nje kwa kujizuia kucheka. Walikaa hivyo mpaka mwezi wa sita, asubuhi baada ya asubuhi, vigoda viwili vimeelekeana, Bi Khole amesimama pembeni anaitazama pua.

Kisha siku moja Asila alikuwa kibarazani kwangu nampima dera, nguo zake zote zimekataa tumbo. Shamila akaja akasimama mlangoni.

"Wifi," akasema, "kama pua yako ingenikataa kweli, ningeondoka siku ileile, hata kwa miguu. Najua harufu inavyotesa. Nimebeba mbili, na hazikufika huo mwezi ulio nao. Lakini pua yako nzima. Ulitaka nitoke, ukamsingizia mtoto. Hajazaliwa, tayari umeshamfukuzisha watu." Akalitazama tumbo la Asila. "Na siku ile haikuwa gesi. Niliona wivu."

Akarudi ndani. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, nikazichomeka moja moja kwenye pindo, maana nilikuwa nimemcheka mwanamke yule siku zote hizo. Asila alisimama na dera lisilo na mikono, mkono ameuweka juu ya tumbo. Alikuwa na aibu, na safari hii haikuwa ya kuigiza.

Jioni Thabit akarudi kutoka dukani. Kama kawaida yake akachukua taulo na ndoo, akakatiza uani kwenda bafuni. Bi Khole alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya karai la vyombo, Shamila akimenya vitunguu, mimi nikianua vitambaa vyangu. Asila akamwita mumewe.

"Leo rudi ulale chumbani."

"Haya," akasema Thabit. "Ngoja nioge kwanza."

"Usioge."

Thabit alibaki na ndoo mkononi, shati limelowa jasho la kubeba magodoro kutwa. Yeye alichukua muda kuelewa. Mama yake hakuchukua muda. Alitazama vyombo, akatazama magoti yake, akamtazama Asila.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne, mama."

Bi Khole alishika ukuta, akainuka polepole, akakisukuma kigoda kwa mguu kumwelekea mkwewe.

"Vyombo hivyo hapo, mwanangu. Na kesho ami yenu anakuja kula. Upike wali wa kutosha."