Heroe wa Mlango wa Mto Kuja

Ndugu yangu Ombui alisifiwa kwa kujua ndege miaka kumi na tano, na mimi ndimi niliyemfundisha. Naanza na hilo kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kulisema.

Baba alituhamisha kutoka Kisii tukiwa wadogo, akapata shamba Nyatike, karibu na mahali Mto Kuja unapoingia ziwani. Alipanda mtama. Mtama ukianza kukomaa lazima mtu ashinde shambani kufukuza ndege, na mtu huyo nilikuwa mimi. Ombui alivaa sare ya shule, mimi nikabeba kombeo na debe la kugonga. Niliwajua ndege kama mtu anavyowajua wezi wake: nani huja kwa kundi, nani hujificha, nani hulia kabla ya kutua. Jumapili Ombui alikuja kukaa nami, nikamfundisha majina na sauti zao ili asinisumbue.

Tulipokuwa watu wazima, wageni walianza kuja kutazama ndege. Ombui alijua kuzungumza nao, basi akapewa beji na darubini. Mimi wakati huo mume alikuwa amenirudisha kwetu bila hata mkeka. Nikapewa chupa ya chai nibebe. Lazima niseme pia kwamba Ombui ndiye aliyenijengea nyumba, na mkewe aliponuna alimwambia atazoea. Sipendi kukumbuka hilo, lakini ni kweli.

Mwaka jana macho yake yaliingia ukungu. Aliniambia mimi peke yangu.

"Dada, wakijua watanivua beji. Bila beji mimi ni nani hapa?"

Tukapanga. Nilisimama begani kwake, upande wa kushoto, nikamtajia ndege na idadi kwa Kikisii, polepole, kama mtu anayeuliza habari ya chai. Yeye aliinua darubini, akatulia kidogo, kisha akawaambia wageni kwa Kiswahili. Kila nilipofikisha ndege kumi nilitoa punje moja ya mahindi mfuko wa kulia nikaitia wa kushoto. Sijawahi kukosea hesabu.

Siku yenyewe ilikuwa Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mto umekuwa mwekundu. Ndege wa kaskazini walikuwa wakijiandaa kurudi kwao, maana wakati huo ndipo baridi ya huko huisha. Mwalimu Kultum alikuja kutoka Migori mjini kuwahesabu kabla hawajaondoka. Alikuwa na binamu yake Abdirahim, mwenye duka la vitambaa, kamera kifuani na viatu vyeupe miguuni.

"Mwalimu, hukuniambia kuna matope," Abdirahim alilalamika.

"Nilikwambia ni mto. Ulidhani wametia lami?"

Kisha Kultum akanitazama. "Na mama huyu?"

"Ni dada yangu," Ombui alisema. "Hubeba chai."

Hubeba chai. Niliirudia moyoni njia nzima.

Asubuhi hiyo tulifanya kazi nzuri. Vitwitwi sitini kwenye tope. Membe mia moja na kumi pale maji ya mto yanapokutana na ya ziwa. Mbayuwayu walijaa kwenye mafunjo mpaka mabua yakainama. Kultum aliandika bila kupumzika.

"Mzee Ombui, wewe una macho ya tai!" Abdirahim alisema.

Ombui akacheka. Angeweza kucheka kidogo tu, lakini alicheka sana, akajipigapiga beji.

Tukafika mahali mto unapotanuka. Ng'ambo palikuwa na ng'ombe wanakunywa maji, na miguuni mwao yangeyange kumi na wawili, weupe, wale wanaowafuata kuokota wadudu. Mtoto yeyote anawajua.

"Kuna nini ng'ambo?" Ombui aliniuliza kwa Kikisii.

"Heroe," nikamwambia. "Kumi na wawili."

Aligeuza uso kwangu. "Heroe? Wale wa rangi ya waridi, wa maziwa ya magadi? Hapa?"

"Kama huniamini, tazama mwenyewe."

Nilijua ninachomwambia. Akainua darubini.

"Heroe kumi na wawili, ng'ambo!"

Kultum nusura aangushe daftari, maana alikuwa hajawahi kuandika heroe mahali hapo. Abdirahim akaelekeza kamera yake, akairekebisha, akaielekeza tena. Halafu akaangua kicheko.

"Mzee! Hao ni yangeyange! Hata mimi muuza vitambaa nawajua!"

Kultum hakucheka. Alimsogelea. "Mzee Ombui, unaona nini kwenye hiyo darubini?"

"Sioni kitu, Mwalimu," Ombui alisema. "Tangu mwaka jana sioni. Hesabu yote ya leo ni ya dada yangu. Hata hao aliniambia ni yangeyange. Mimi ndiye niliyetaka kuwafurahisha, nikasema heroe."

"Ni kweli, mama?"

Ningeweza kusema. Walikuwa wananitazama wote watatu, hata yeye asiyeona.

"Nilimwambia yangeyange," nikajibu.

Ombui akaanza kuvua beji mwenyewe. Pini ilimshinda. Nikamfungulia mimi.

Sasa beji iko kwangu. Kultum anasema hajapata mtu mwenye jicho kama langu, na wageni wananiita kwa jina, Mama Bosibori. Nilichonyimwa miaka yote hiyo ninacho. Ombui hukaa nje ya jiko akisikiliza. Jioni nammiminia punje kiganjani, za kila aina ya ndege peke yake, naye huzipapasa na kuuliza walikuwa wapi, walielekea upande gani. Hajawahi kuniuliza habari za siku ile.

Juzi nilishindwa kuvumilia.

"Ombui, wale hawakuwa heroe."

"Najua," alisema. "Nilisikia kengele za ng'ombe."

"Sasa kwa nini ukasema?"

Aliendelea kupapasa punje. "Si wewe uliniambia? Mimi tangu utotoni, kwa mambo ya ndege, sijasikiliza mtu mwingine."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikasema chai itapoa. Akanyoosha mkono hewani kutafuta kikombe, nikamshika mkono nikamwekea.

"Haya," akasema, "niambie membe. Wamebaki wangapi?"

"Wawili tu," nikamwambia.

Akakubali hapo hapo, bila kuuliza mara ya pili.