Nilihutubia Mkutano Mkuu kwa Sauti ya Mwenyekiti

Siku chama kilipomchagua tena Mwenyekiti kwa kura zote, hotuba yake niliitoa mimi.

Sisemi niliisoma kwa niaba yake. Nasema nilikuwa yeye.

Ukumbi mzima ulimwona mzee amekaa jukwaani, kofia kichwani, miwani myeusi usoni, maikrofoni imemsogelea mdomoni. Sauti waliyoisikia ilitoka kwangu mimi, nyuma ya pazia, nimekalia kreti la soda, maikrofoni ya kweli mkononi.

Najua utasema huyu naye kaanza. Sawa. Soma kwanza, ubishi tutaukuta mbele.

Kazi yangu ni kuchekesha watu mtandaoni. Naiga sauti, ndiyo maana wananiita Kasuku. Kila chama kikifanya mkutano, mimi nachukua hotuba moja moja, naichambua kwa sauti ya mwenyewe aliyeitoa.

Sauti ya Mwenyekiti ndiyo iliyonipa jina. Ile ya kukwaruza, anayoivuta mwisho wa sentensi, halafu anakohoa kidogo kabla hajatoa amri.

Na chama chake kilinirahisishia kazi. Wana utaratibu wao mmoja: neno la Mwenyekiti likishatamkwa mbele ya Mkutano Mkuu, tayari ni agizo. Halijadiliwi, halirekebishwi, linatekelezwa siku hiyo hiyo.

Kuna mwaka alikatisha hotuba akasema, "Humu ndani kuna joto, fungueni madirisha." Wajumbe wakalipuka kwa makofi, wakaunda Kamati ya Madirisha. Nasikia mpaka leo inakaa vikao.

Mimi nitanyamaza kwa jambo kama hilo? Thubutu! Nikatengeneza kichekesho, watu wakacheka mpaka wakaumwa mbavu.

Kesho yake wakaja kumkamata Kaka.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa anashika kamera, na akaunti tuliisajili kwa namba yake. Mimi nilikuwa nimetoka kununua mkate. Kurudi, nakuta mlango uko wazi na Mama amekaa sakafuni.

"Wamemchukua mwenzio," akasema. "Hata viatu hawakumwacha avae."

Tulizunguka vituo vyote vya polisi. Kila tulikofika jibu lilikuwa lile lile, hayupo hapa, jaribuni kwingine. Mama alikuwa anatoka asubuhi na shati safi la Kaka kwenye mfuko, jioni anarudi nalo, analifua tena.

Nilikuwa naona aibu hata kumtazama. Mzaha niliutoa mimi, kuozea ndani akaenda Kaka.

Basi, mchana mmoja gari likasimama nje. Akashuka Katibu wa chama mwenyewe, yule tunayemwona kwenye televisheni.

Nikarudi nyuma hatua mbili.

Mama akaziba mlango kwa mwili wake. "Huyu hamumchukui! Nimebaki na huyu tu!"

"Hatujaja kwa ubaya, mama yangu," Katibu akasema, mpole kama mchumba. Akanigeukia. "Hebu ongea kama Mzee."

"Mheshimiwa, mimi hayo mambo nimeacha kabisa, naapa..."

"Ongea, bwana."

Nikaongea. Katibu akafumba macho, nikamwona anameza mate.

"Mzee amepata kiharusi," akasema. "Hatamki hata neno. Mkutano Mkuu umefika, na asipohutubia, kuna watu watatoana roho kwa ajili ya kile kiti. Utamsemea wewe. Ukifanya vizuri, kaka yako anarudi kwa mama yake."

"Na nisipokubali?"

Alimtazama Mama, akatabasamu, akaaga kwa adabu zake zote.

Siku ya mkutano waliniingiza kwa mlango wa nyuma. Kwenye chumba kidogo nikamkuta Mzee kwenye kiti cha magurudumu, daktari wake pembeni.

Nimemwiga mtu yule miaka nenda rudi, lakini sikuwahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mdogo, jamani. Kola ya shati ilimpwaya. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, na daktari alikuwa anamfuta udenda kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Jicho lake moja likanigeukia. Lile lingine lilibaki linatazama ukuta.

"Acha salamu, fanya mazoezi," Katibu akasema.

Nikakohoa kidogo. Nikaanza: "Ndugu wajumbe..."

Mzee alishtuka mwili mzima. Akajaribu kufungua mdomo, ukagoma. Machozi yakaanza kumshuka upande ule mmoja. Alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe, nzima kabisa, inatoka kwenye koo la mtu baki.

Nilimwonea huruma, wallahi. Yeye ndiye aliyetufanya tusilale nyumbani, lakini huruma ilinishika. Nikamkumbuka Kaka, nikaendelea.

Tulipotoka pale nikamvuta Katibu kando. "Mheshimiwa, kaka yangu yuko wapi?"

"Tutaona," akasema, huku anatazama simu.

Tutaona? Juzi ilikuwa "anarudi kwa mama yake", leo ni "tutaona"! Nikajua hapa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikimaliza kazi, wanatufungia wote wawili.

Mkutano ukaanza, na mimi niko kwenye kreti langu, nachungulia kwenye upenyo wa pazia.

Akapanda kiongozi wa vijana, ambaye ana wajukuu. Akasema vijana wa leo tuko imara. Alisaidiwa kushuka ngazi.

Akapanda mama mmoja akamshukuru Mwenyekiti kwa kuleta mvua. Akafuata mjumbe wa sehemu zilizopata mafuriko, akamshukuru Mwenyekiti kwa kuikatisha.

Mwingine akasema yote yameshasemwa, yeye hana la kuongeza. Akaongeza mpaka mkalimani wa lugha ya alama akakaa chini.

Siku nyingine ningekuwa nimeshapata vichekesho vya mwezi mzima. Siku ile sikucheka. Wote walikuwa wanamsifu yule mzee kwa nguvu zake, afya yake na kumbukumbu yake, na mimi nilikuwa nakiona kisogo chake kimeegemezwa kwa mto ili kisianguke.

Hakuna aliyegundua. Kwanza walikuwa wamempangia maua marefu mbele ya kidevu. Pili, kwenye chama kile Mwenyekiti akiongea, wajumbe wanainamisha vichwa na kuandika. Kumtazama mdomoni ni utovu wa nidhamu.

Zamu ikafika. Katibu akanipa ishara.

"Ndugu wajumbe," nikasema, "hamjambo?"

Ukumbi ukanguruma: "Hatujamboooo!"

Pale kwenye salamu niliona mkono wa Mzee umeteleza kutoka kwenye kiti, ukabaki unaning'inia. Daktari akasogea haraka, akaurudisha. Nikadhani amechoka tu.

Nikahutubia. Nikasema tumetoka mbali. Nikasema tunakwenda mbali. Nikasema maadui wetu wanaona wivu. Kila nikivuta pumzi, makofi. Nikikohoa, makofi.

Na nitawaambia ukweli: ilianza kuninogea. Nilijikuta nimenyoosha kidole gizani, namtishia mtu nisiyemjua. Nilijiogopa.

Karibu na mwisho nikawaza, ni sasa au basi tena. Roho mkononi, nikakohoa kile kikohozi chake.

"Na jambo la mwisho. Kuna kijana mmoja mshika kamera, mnamshikilia kwa sababu ya mzaha. Leo hii aachiwe. Yeye na wote waliokamatwa kwa kucheka."

Katibu alinirukia akanikaba koo. Alichelewa. Ukumbi mzima ulikuwa umeshasimama.

Makofi, vigelegele, watu wanalia kwa furaha. Waliosifu kukamatwa kwa Kaka ndio waliopiga makofi kwa nguvu zaidi. Mkuu wa usalama alitoka mbio kutekeleza, kila mtu amwone akikimbia.

Pazia la jukwaa likafungwa. Katibu bado amenikaba, macho yamemtoka.

"Umefanya nini wewe? Umefanya nini!"

Ndipo daktari akaja. "Mheshimiwa, mwache huyo. Mzee amefariki."

"Amefariki saa ngapi?"

"Kwenye salamu."

Ina maana hotuba nzima, makofi yale yote, yalikwenda kwa maiti. Ndugu yangu ameachiwa kwa amri ya marehemu, na marehemu nilikuwa mimi.

Katibu aliniachia koo. Akanitengeneza kola, taratibu. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee hajafa. Mtu hawezi kufa huku anaongea vizuri namna hii."

Upande wa pili wa pazia, kura zilikuwa zinapigwa. Alipata zote.

Jioni Kaka alirudi. Mama alimvaa mlangoni, akamshika kichwa, masikio, mikono, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua. Akamvalisha lile shati. Lilikuwa kubwa kwake sasa.

Mimi sikuachwa. Wakatangaza kwamba Mwenyekiti amepumzika kidogo, atakuwa anazungumza na wananchi kwa redio. Wakawa wananipeleka studio, nasoma wanachonipa. Ningekataa, Kaka angerudi alikotoka, na safari hii asingetoka.

Usingizi ukanipotea. Nikifumba macho naliona lile jicho moja linanitazama, linataka kitu chake. Nilikuwa naamka nasema, "Nisamehe, mzee, sina pa kuirudishia sauti yako."

Mwishowe wakubwa walipatana nani arithi kiti. Siku hiyo hiyo wakatangaza msiba. Kwenye mazishi Katibu alisema, huku anafuta machozi, kwamba Mzee alilitumikia taifa mpaka pumzi ya mwisho. Mimi nilikuwa nyumbani nafunga mizigo.

Tukahamia mbali, mimi, Mama na Kaka, mahali ambapo hakuna anayemjua Kasuku. Nikapata kazi ya kupaka rangi nyumba. Nilisema moyoni, yameisha, tumenusurika, ahsante Mungu.

Kaka alikuwa haongei sana. Hakutaka redio wala televisheni ndani ya nyumba. Ukimuuliza kule ndani kulikuwaje, anasema, "Kulikuwa kawaida tu, mdogo wangu." Hatukumsumbua.

Juzi mchana tumekaa mezani, watatu. Mama amepika vizuri, Kaka ametania kidogo kuhusu nguo zangu za rangi, hata Mama akacheka. Nilifurahi, nikaona mtu wetu anarudi.

Koo likaniwasha. Nikakohoa kidogo. Nikasema, "Nisogezee chumvi."

Kijiko cha Kaka kikaanguka.

Alisimama wima, mikono nyuma, kidevu juu, macho ukutani. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba meza ilitikisika.

"Mwanangu, kuna nini?" Mama akauliza. "Kaa ule."

"Siwezi, Mama."

"Kwa nini huwezi?"

"Mzee anaongea." Hakugeuza shingo. "Kule walikuwa wanatufungulia hotuba zake asubuhi mpaka jioni. Mzee akiongea, tunasimama. Ukikaa, wanakupiga."

"Lakini Mzee alikufa, baba. Huyu ni mdogo wako."

Kaka akanitazama kwa pembe ya jicho. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Najua ni yeye, Mama," akasema. "Miguu ndiyo haijui."

Mimi nilidhani nimeongea kwa sauti yangu. Naapa kwa Mungu, nilidhani ni yangu.

Nikafungua mdomo nimwombe msamaha. Mama akanizuia kwa mkono: "Usiongee! Tafadhali, usiongee." Akainuka, akaenda kumkumbatia Kaka, wakasimama pamoja mpaka chakula kikapoa.

Wanaocheza na sauti za wakubwa, nisikilizeni. Sauti ya mtu wa namna ile ukiiazima, hata kwa nia njema, hata kwa kumwokoa ndugu yako wa tumbo moja, usidhani utaamua mwenyewe lini uirudishe.

Mnaniuliza kwa nini sikuirekodi habari hii kwa sauti kama nilivyozoea, nimeiandika tu. Kaka yuko chumba cha pili, amepata usingizi. Sitaki asimame.