Upande wa Joto

Kwa miaka thelathini na minane Fengqin alilala upande wa ukuta, na mumewe, Chi Wanfu, upande wa jiko. Katika kijiji chao cha Heilongjiang, kaskazini mwa China, jambo hilo halina mjadala. Moshi wa jiko hupita ndani ya kitanda cha tofali kabla ya kutokea kwenye dohani, kwa hiyo anayelala karibu na jiko huoka kama mkate, na wa ukutani hupata moshi uliokwisha kuchoka. Joto la kwanza ni la mwenye nyumba. Fengqin alipata magoti mabovu.

Kila mwaka kabla ya theluji kitanda hufunguliwa, masizi yakazolewa, njia za moshi zikapangwa upya. Kazi hiyo Wanfu hakumwachia mtu. Mwaka huu, bahati mbaya, alinyanyua jiwe la kukandamizia kabichi za kuchacha, mgongo ukagoma. Akabaki kigodani akitoa amri.

"Tofali hilo kushoto! Mama Xiuli, kwani kushoto kwako ni wapi?"

"Si huku unakonyooshea kidole?"

"Basi kulia!"

Fengqin, mweusi kwa masizi hadi masikioni, aliitikia kila neno. Lakini Wanfu hawezi kuona jirani akipita asijisifu. Alichechemea hadi langoni kuwasimulia majirani anavyojenga kitanda cha mfano. Kila alipotoka, mkewe aliziba njia za karibu na jiko, akafungua moja pana iliyonyooka hadi ukutani kwake. Kisha akakandika upande wa mumewe udongo mnene kweli kweli. Hakuwahi kumfanyia hila mtu yule, ila magoti nayo yana haki yake.

Udongo ulipokauka wakawasha magunzi ya mahindi, wakapanda kitandani na bakuli zao za uji. Joto likampanda Fengqin mapajani, nusura alie kwa raha.

"Huo moto unawaka kweli?" Wanfu akauliza.

"Unawaka."

"Mbona nimekalia barafu?"

"Fundi ni wewe, baba Xiuli."

Akavaa koti. Akavaa kofia. Mwisho akatambaa hadi kwa mkewe, akagusa kitanda, akarudisha mkono haraka.

"Wewe mwanamke! Umefanya nini?"

"Nimefuata amri. Kijiji kizima kinajua nani alisimamia."

Wanfu alikuwa amejitangaza hadi kwa muuza tofu. Akarudi kwake, akajikunyata.

"Huko ukutani kulikuwa hivi?"

"Kulikuwa na baridi zaidi. Wewe nimekuachia kidogo."

Wanfu aliona haya, haya ya kweli, akainamisha kichwa. Kisha akakumbatia mto wake.

"Sogea nije, mama Xiuli. Naganda."

Fengqin alitamani kumwambia angoje kama alivyongoja yeye. Akamwambia angoje amalize uji. Akaunywa taratibu, fundo moja moja.