Mnara wa Bibi na Taa za Senene

Mwaka jana nilikwenda Muleba kumzika dada yangu, na nikarudi Dar es Salaam na hasira ambayo mpaka leo haijatulia. Nikuambie ukweli, rafiki yangu, hata sitaki itulie.

Kule ziwani, ng'ambo ya kisiwa cha Bumbire, kuna mwamba mtupu na juu yake mnara wa taa uliojengwa kwa mawe ya itale. Babu alikuwa mmoja wa vijana walioyavusha mawe hayo kwa mitumbwi kabla ya Uhuru, jiwe moja kwa mtumbwi mmoja, maana mawili yaliuzamisha. Mnara ulipokwisha akapewa kazi ya kuwasha taa, ili boti ziuone mwamba na kuukwepa. Miguu yake ilipoanza kuvimba, bibi ndiye aliyepanda ngazi. Kazi ikaendelea kuitwa ya babu.

Likizo za mwisho wa mwaka mimi na dada tulipelekwa huko kutoka Kamachumu. Nasema dada, alikuwa mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo ni dada, basi. Tulisugua kioo cha taa kwa kipande cha rubugo, lile gome la mti linalopondwa mpaka likalainika. Bibi hakutaka kitambaa cha dukani, alisema kinaacha nyuzi. Mikono yetu ilinuka mafuta ya taa hata tukila ebitoke, na mpaka leo ndizi zisizo na harufu hiyo naziona zimepungukiwa kitu.

Msimu huo ndio wa senene. Kama hujakulia Kagera, huenda hujui tunavyowapenda panzi hawa wa kijani, na wao wanavyopenda mwanga. Walikuja kwa maelfu wakajibandika kwenye kioo mpaka taa ikafifia, na bibi alikesha akiwafagia. Asubuhi tuliokota walioanguka chini ya mnara, tukawanyonyoa mbawa na miguu, bibi akawakaanga kwa chumvi, na babu akala. Babu peke yake. Mila ilisema mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Aliyekesha na ufagio hakuonja hata mmoja, na nilipouliza kwa nini, nilichapwa.

Majirani wa Bumbire walimwomba bibi aigeuze taa itazame juu, walau siku moja, wajaze magunia. Babu aliwaunga mkono. Mimi na dada tulinuna, maana tuliwataka hao wageni na shamrashamra zao. Bibi alikataa mwaka hadi mwaka, akaitwa mchoyo, na jibu lake lilikuwa lile lile.

"Senene watarudi mwakani. Mtu akizama harudi."

Alipofariki ililetwa taa ndogo ya sola. Ikaharibika, hakuna aliyekuja kuitengeneza. Kisha wakubwa fulani wakampangisha mnara mfanyabiashara wa senene, kana kwamba ni kibanda cha sokoni. Ameuzungushia mabati, chini kaweka mapipa ya kunasia senene, juu kafunga taa kali zinazotazama angani. Mitego ya namna hiyo hiyo iko kwenye mialo yote ya visiwani, kule boti zinakotia nanga. Basi nahodha wa boti iliyombeba dada yangu na mikungu yake ya ndizi aliona usiku mabati yanang'aa, akadhani amefika mwaloni, akaelekea huko bila kupunguza mwendo. Alikuwa anaelekea kwenye mwamba.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikodi boti, mchana kweupe, nikaenda. Mwenye mitego ni mtu wa adabu. Alinipa pole na kiti. Nikamwambia azime taa zake, au angalau aache moja itazame maji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama waitu, siku hizi kila nahodha ana simu yenye ramani," akasema, akiniita kwa heshima ya Kihaya. "Na taa ikitazama maji, senene hawaji."

Halafu akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa nimekanyaga bati lake. Nikasogea. Sijajisamehe kwa kusogea kule.

Wenzangu wa umri huu hulilia vya zamani vilivyobomoka. Mnara wetu haujabomoka, hakuna jiwe hata moja lililolegea. Tulichopoteza ni yule mwanamke mkaidi aliyekubali kuitwa mchoyo na kisiwa kizima, na tulio hai, mimi nikiwamo, hatuna ukaidi wake. Msimu wa mwaka huu umeanza. Juzi mume wa dada yangu alinipigia simu. Alisema wameongeza taa nyingine mbili.