Ng'ombe wa Mama Pale Transfoma

Ukitoka Ekerenyo kwenda Magwagwa, utapita mahali panapoitwa Transfoma. Kibanda cha kupimia majani chai kiko hapo, na mtu wa bodaboda ukimtajia jina hilo hakuulizi zaidi. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Transfoma naichora ubaoni kila mwaka, kisha nikienda nyumbani nashukia Transfoma.

Chombo chenyewe kiliunguzwa na radi, tukakaa gizani miezi mingi. Akina mama waliokuja kupimisha chai wakaanza kufunga ng'ombe kwenye ule waya mnene unaoshikilia nguzo, maana hapo hakuna mti. Mama yangu alisita. Akaniuliza mimi, mwanawe aliyesomea mambo ya stima, kama kuna hatari. Nilicheka, nikamwambia, "Imekufa hiyo. Funga tu."

Asubuhi moja nilimsindikiza nikiwa nimebeba gunia la majani. Mvua ilikuwa imenyesha, matope kila mahali. Akamfunga ng'ombe wake kwa mnyororo palepale. Jana yake mafundi walikuwa wameleta transfoma mpya, nasi tukawapigia makofi. Nilipiga makofi na mimi, mwalimu mzima, wala sikuukumbuka waya.

Tulikuwa bado kwenye foleni ya mizani redio ya kinyozi ilipolia ghafla ng'ambo ya barabara. Stima imerudi! Watu wakashangilia. Ng'ombe akaanguka. Hakulia, hakupiga hata teke.

Mama akakimbilia mnyororo. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo siamini ulitoka kooni mwangu. "Usiguse! Mama, simama hapo hapo!"

Alisimama, hatua chache tu kutoka kwa ng'ombe, mkono umenyooshwa. Nikamwambia arudi kwa kuburura miguu, asiinyanyue, maana stima ilikuwa imeingia hata kwenye yale matope, na yule mama ambaye hajawahi kuamrishwa na mtu akarudi polepole hivyo, viatu vyake vya mpira vikichora matope.

Aliponifikia alinishika mkono. Nilingoja anigombeze. Afadhali angenigombeza.

"Tata," akaniita, yaani baba, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Nimesimama kwa sababu ni wewe umesema."

Akamtazama ng'ombe.

"Na pale nilimfunga kwa sababu ni wewe ulisema."